Ziada ya Mtu Asiyekuwepo

Ngagara, Bujumbura
Jumatatu jioni

Kaka yangu mpendwa Yaseen,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naanza kwa kukuulizia afya, usingizi na chakula, maana najua ukiwa na kazi nyingi unasahau vyote vitatu. Joto la Muscat limepungua? Yale maumivu ya mgongo je? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ukiacha mafua ya watoto na hasira zangu, ambazo unazijua na bado hazijapatiwa dawa. Shemeji yako anakusalimu. Petroli ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo gari lake limegeuka kabati la kuwekea vitabu vya watoto na sote tunatembea kwa miguu. Amekonda, na anapendeza.

Barua hii unaipata kwa mkono wa Rania, binti wa ami, anayemfuata mumewe huko kwenu. Usishangae kuona karatasi wakati simu zipo. Kuna mambo ukiyasema kwa ujumbe wa sauti yanatoka nusu nusu, na haya nataka uyasome ukiwa umekaa. Nimemwonya Rania asiifungue njiani, na kwa kuwa namjua, gundi nimeipaka mara mbili.

Habari kubwa ni ya ushirika wako wa umeme. Nasema wako kwa makusudi, maana ni wewe uliyezunguka mlango kwa mlango pale Cibitoke ukiwaambia watu kwamba badala ya kulalamika gizani wachange hisa, wanunue paneli za jua na betri, wavute nyaya mpaka madukani na kwenye karakana zao, na umeme uwe mali yao wenyewe. Watu walikucheka, kisha wakachanga. Sasa mtaa mzima wa mafundi unawaka. Umeme wa mji ukikatika, wao hawajui mpaka wasikie wa ng'ambo ya barabara wanapiga kelele.

Miaka yote hii hakuna aliyepata hata senti mkononi. Kila kilichobaki baada ya matumizi kilirudi kwenye betri na nguzo, na wenye midomo walisema wazi kwamba Yaseen aliwauzia jua ambalo Mungu analitoa bure. Mwaka huu deni la betri limekwisha. Mama Léoncie, yule mwalimu mstaafu ambaye ndiye mwenyekiti sasa, akaitisha mkutano mkuu, akatangaza kwamba ziada itarudi kwa wanachama. Wao wanaiita ristourne. Jina hilo lilitembea mtaani wiki nzima kama jina la bibi harusi.

Mama Léoncie aliwaeleza vizuri, kwa ule mtindo wake wa darasani. Alisema ni kama umekwenda dukani kununua sukari, mwenye duka akakutoza zaidi kidogo kwa kuogopa hasara. Mwisho wa mwaka akakuta hasara haikuja, basi anakurudishia kile alichokuzidishia. Tofauti ni kwamba hapa mwenye duka ni wewe mwenyewe. Wale wenye taa moja walitaka ziada igawanywe sawa kwa kila kichwa. Régis, yule wa mashine ya kusaga unga wa muhogo, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akauliza vipi aliyesaga mwaka mzima apewe sawa na aliyewasha taa ya kutafutia kandambili. Walibishana mpaka Fanta zikapata moto. Mwishowe walipiga kura, wakakubaliana kila mtu arudishiwe kadiri alivyotumia, kwa sababu aliyetumia zaidi ndiye aliyelipa zaidi.

Baba naye alikuwa na lake. Alisema pesa inayorudi na nyongeza ina harufu ya riba, na yeye uzeeni hataki kwenda mbele ya Mola wake na harufu hiyo. Alikwenda kumuuliza mwalimu wa msikitini. Mwalimu akamuuliza kama kuna mtu aliyemkopesha mwenzake, baba akasema hapana. Akamuuliza kama kuna faida iliyoahidiwa, akasema hapana. Basi mwalimu akamwambia hiyo ni chenji yake, akaichukue. Alirudi amenuna, kwa sababu alikuwa ameshaandaa maneno ya kuikataa mbele ya watu.

Kaka, nakuomba usiiweke barua hii chini kwa kuwa nimemtaja baba. Endelea tu.

Sitaki kuchokonoa kidonda, lakini bila kukigusa sitaweza kukueleza. Unakumbuka alivyokupa pesa ya kwenda kuleta mzigo wa mchele kutoka Kigoma, nawe ukailipia hisa ya ushirika na waya wa karakana yako ya friji bila kumwuliza. Unakumbuka alivyosimama mlangoni pa duka, watu wamejaa, akasema kuanzia siku ile hana mtoto anayeitwa Yaseen. Kuna moja hulijui, maana ulikwishaondoka. Kesho yake alimkemea kila aliyemwita Baba Yaseen. Alisema yeye ni Baba Nafisa, na asiyeweza kulitamka asimsalimu. Miaka arobaini mtaa ulimwita kwa jina lako, kisha ukalazimika kujifunza jina jipya kwa siku moja. Mimi sikufurahi kuvishwa jina lililovuliwa kwako. Nilikuwa nikilisikia dukani natamani kujificha nyuma ya magunia.

Basi, tuje kwenye mkutano wa kupokea. Ulikuwa Jumapili, baada ya misa, nami nilimsindikiza baba kwa sababu ya magoti yake. Mama Léoncie alikuwa anaita jina, mtu anakwenda mbele, anapokea bahasha yake, watu wanapiga makofi. Régis alipata nono kuliko wote, akaibusu. Baba alipokea ya duka, akaitia mfukoni bila kutabasamu, ila nilimwona akiipapasa. Rachidi, rafiki yako wa kuchomea vyuma, aliitwa naye akapokea. Kisha Mama Léoncie akasoma jina linalofuata, sauti ikamshuka katikati ya kusoma. Alisema, Yaseen Amur.

Ua mzima uligeuka kumtazama mhasibu. Hisa yako ipo, kila mtu anajua, lakini ristourne si ya hisa, ni ya matumizi. Aliyeko Muscat anatumiaje umeme wa Cibitoke? Na haikuwa bahasha ya taa moja, Yaseen. Ilikaribia ile ya duka la baba. Mhasibu alisema mita ya karakana yako imekuwa ikilipiwa kwa simu kila mwezi tangu ulipoondoka. Yeye aliona namba, akapokea malipo, akadhani umempangisha mtu.

Régis hakungoja. Alisema karakana ile ina kufuli, na ufunguo, mtaa mzima unajua, uliachiwa Rachidi. Tena ukuta wa karakana ndio ukuta wa Rachidi. Sheria inasema mwanachama hawezi kutumia namba ya mwenzake, na kila mtu anaruhusiwa kiasi fulani tu ili betri zisichoke. Kwa hiyo, alisema, Rachidi amekula sehemu yake, akazamia na ya rafiki yake kwa mlango wa nyuma. Sote tuliondoka pale tukiwa msafara kwenda kufungua. Rachidi alitoa ufunguo mwenyewe. Ndani tulikuta ile friza yako kubwa nyeupe, ile ya kwanza uliyoitengeneza mwenyewe, inanguruma. Tuliifungua. Ilikuwa tupu, imepanguswa, safi kuliko friji yangu jikoni.

Régis akasema vitu vimeondolewa asubuhi ile, kwamba Rachidi anauza barafu au samaki. Walipomwuliza, Rachidi alisema tu, "Mi sikuiba courant ya mutu, sikugusa umeme yake." Wakamwuliza, kama si yeye, ni nani? Akasema hilo hawezi kulijibu. Hakusema hajui, Yaseen. Alisema hawezi. Mimi niliyesimama pale sikuisikia tofauti hiyo. Nilikasirika, nikamwambia ndugu yangu alikuachia ufunguo, hakukuachia mita. Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyeshikwa.

Kamati ilikata waya wake mpaka mkutano wa Jumapili iliyofuata, na pale ingepigwa kura ya kumtoa kwenye ushirika. Bahasha yake ilirudishwa mezani. Wewe unajua maana yake. Mchomea vyuma bila umeme ni mtu mwenye nyundo tu. Mkewe, Joëlla, ana mimba kubwa ya mtoto wao wa kwanza. Wiki ile nzima Rachidi alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, milango na madirisha ya wateja yameegemea ukuta, anasalimia wapita njia. Wateja wawili walikuja kuchukua vyuma vyao na kuvipeleka Kinama. Jirani zake waliitikia salamu wakiangalia upande mwingine.

Na baba? Baba hakula. Nilimpelekea wali wa nazi, nikaukuta kesho yake umefunikwa vilevile. Nilidhani ni magoti. Nilidhani pia ni aibu ya jina lako kusomwa mbele ya watu, nikamwambia asijali, Rachidi atatolewa na mambo yataisha. Alinijibu kwa ukali ambao sikuuelewa, akaniambia nirudi kwangu Ngagara nikalee watoto. Nilirudi nimevimba. Njia nzima nilikuwa najibu maneno yake kwa sauti, watu wananipisha.

Jumapili ikafika. Régis alisema yake, tena safari hii kwa upole, maana si mtu mbaya, anaogopa tu betri zake. Mama Léoncie akamwuliza Rachidi kwa mara ya mwisho kama ana la kusema. Akasema hana. Mwenyekiti akawaambia wanachama wanaotaka atolewe wainue mikono. Mikono ilianza kupanda, mmoja hapa, mmoja kule, mingine ikisitasita, nami, msindikizaji tu, nilikuwa nikiihesabu. Ndipo kiti cha pembeni yangu kikatoa mlio, na baba akasimama bila kushikwa na mtu.

Nakuandikia alivyosema, kama alivyosema. "Mushushe mikono. Muache huyu mutoto, hana kosa. Ile frigo ni mi naiwashaka."

Hakuna aliyeelewa. Régis alicheka kidogo, akidhani mzee anamkinga jirani. Baba, ambaye unajua huzima taa ya chumba wewe ukiwa bado unavaa viatu, baba huyo analipia friza tupu? Mama Léoncie akamwuliza kwa adabu, mbona iwe tupu, mzee wetu, inagandisha nini? Baba akasema haigandishi kitu. Alisema frigo ikizimwa miaka katika joto hili mpira wake unaoza, gesi inatoka, ndani panaota ukungu, na mutoto wa mutu akirudi atakuta kazi yake imekufa. Alikuwa akiingia kwa mlango wa stoo ya duka, ule unaotokea ndani ya karakana, kila alfajiri anapotoka msikitini. Anaifungua, anaipangusa, anaifunga. Kulipa alikuwa akienda kwa wakala wa simu huku kwetu Ngagara, ili wa mtaani wasimwone. Kaka, alikuwa akipita hatua chache kutoka nyumba yangu kila mwezi, kwa magoti yale, na hakubisha hodi, kwa sababu ningeuliza anatoka wapi.

Halafu akaongeza la mwisho. Alisema sheria ya ushirika inasema mwanachama asiyetumia umeme mwaka mzima anafutwa jina, na namba yake anapewa mwingine. Nadhani unaijua sheria hiyo, ni wewe uliyeiandika. "Mi nilimufuta mu nyumba yangu, mbele yenu wote," alisema. "Nikaogopa musimufute na hapa. Angebakia wapi?"

Nililia, na sikujificha. Mama Léoncie alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Régis, sikufichi, ndiye aliyefika kwanza. Alivuka ua, akampigia Rachidi magoti nusu kama tunavyofanya huku tukiomba radhi, akachukua bahasha mezani akamkabidhi kwa mikono miwili, na kabla jua halijazama alikuwa juu ya ngazi mwenyewe akirudisha waya. Sijawahi kuona fundi mbaya kuliko yule, ilibidi Rachidi apande kumsaidia.

Baadaye nilimfuata Rachidi kumwomba msamaha wangu. Nilimwuliza kwa nini alikubali kuharibiwa jina huku mkewe ana mimba ile nyumbani. Alisema alikuwa akisikia friza ukutani tangu mwaka wa kwanza, na asubuhi moja alimwona baba kupitia ufa wa dirisha, ameinama anapangusa, anaongea peke yake. Kesho yake baba alipita kwake, akasalimia, akakaa kidogo, akanyanyuka bila kusema kitu. Rachidi akasema mzee alikuja kumwomba anyamaze na hakuweza kuomba, basi yeye alimpa ukimya huo hata hivyo. Rafiki yako huyo, Yaseen, usije ukamsahau katika dua zako.

Limebaki suala la bahasha yako. Wanachama walibishana tena, kwa mapenzi safari hii. Wapo waliosema ni ya baba, kwa sababu ristourne ni ya aliyelipa. Baba akaikataa mbele ya wote, akasema yeye alilipia namba ya mtu, na chenji ni ya mwenye namba. Mama Léoncie akaamua itunzwe mpaka wewe mwenyewe useme. Ukitaka kujitoa, utapewa hisa yako na ziada yako yote, na namba itafungwa. Ukitaka kubaki, utabaki, na kwa kura ya mikono yote wamesema jina lako halitafutwa hata kama mita haitazunguka. Alipomaliza akamgeukia baba, akamwuliza, unaridhika, Baba Yaseen? Alitamka hivyo bila kufikiri, kwa mazoea ya zamani. Baba akajibu, ndiyo, naridhika.

Kwa hiyo sasa hakuna haja ya kuiwasha tena. Nilimwambia hivyo wiki iliyopita. Nilimwambia jina liko salama, azime, apumzishe magoti na mfuko wake. Alikubali, tena haraka mno. Alhamisi nilipitia dukani asubuhi mapema, nikasikia ngurumo ile nyuma ya stoo. Nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kitambaa mapajani, mlango wa friza uko wazi na baridi inampiga usoni kama moshi. Nilimwuliza, si tulikubaliana, na sheria haikudai tena? Akasema, "Sheria iko mbali, binti yangu. Hii ni mi na yeye."

Sasa nikwambie jambo ambalo nimelizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Baba hakunituma. Akijua nimekuandikia atanikemea mpaka mtaa wa pili wasikie. Daktari amesema si magoti tu, ni moyo. Haupigi vizuri, umechoka, na dawa zinausaidia kwa kiasi. Alinikataza nisikwambie, kwa maneno haya haya: asije akarudi kwa kunihurumia. Nimevunja amana yake, na sijutii hata kidogo. Mimi sijui kama utarudi, wala sikuamrishi ujitoe au ubaki kwenye ushirika. Ulitukanwa mbele ya watu, na mwenye kutukanwa ndiye anayejua uzito wake. Yeye makosa yake ameyasema mbele ya watu wale wale, lakini wewe hukuwepo, na kwako wewe hatajua aanzie wapi.

Naomba moja tu. Siku moja baada ya alfajiri ya huku mpigie. Usinipigie mimi, piga namba ya duka. Atapokea, kisha ukijitaja hatasema kitu. Usikate. Kaa naye hivyo hivyo.

Watoto wanambusu mjomba wao mkono, na mdogo anauliza kama ngamia anauma. Salamu kwa majirani zako na kwa wote wanaokutunza ugenini. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe riziki ya halali na usingizi mwema, na atukutanishe tukiwa na uhai.

Wako dada yako akupendaye,
Nafisa binti Amur

Kama Rania atakufikishia barua ikiwa imefunguliwa, niambie.